Zimwi lililia au zimwi alilia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari. Niliwapa wanafunzi kazi ya kugeuza ngano wanayoijua. Mmoja kachukua ile ya msichana aliyerudi pwani kufuata kombe lake, akakamatwa na zimwi na kutiwa ndani ya ngoma. Katika hadithi yake, zimwi ndiye anayeonewa. Ila ameandika "zimwi lilikaa chini, akalia". Nimsahihishe kwa li- au a-? Na je, hadithi ya namna hii inastahili kuanza na "Paukwa"?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Sarufi tunayofundisha yasema kiumbe mwenye uhai huchukua a-/wa-, hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine: kiboko anaoga, kifaru amelala. Zimwi, jitu na joka wana ukaidi wao. Wasimulizi huwapa li- makusudi, kwa kuwa li- hukuza na kutisha. Methali nayo imeshikilia hivyo: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Jaribu kuisema kwa a- uone inavyopwaya. Kwa hiyo "zimwi lilikuja" na "zimwi alikuja" zote zina wenyewe. Kosa la mwanafunzi wako ni kuzichanganya katika sentensi moja bila sababu, kana kwamba aliyekaa na aliyelia ni wawili.

Lakini usikimbilie kalamu nyekundu. Hadithi iliyogeuzwa husomwa na mtu anayeijua ile ya kwanza. Anajua habari ya kombe, anajua wimbo wa msichana ngomani, zimwi likizunguka mji kwa mji na kulishwa kwa sauti isiyo yake, hadi mama alipoitambua sauti ya mwanawe. Mgeuzaji humwacha msomaji ajiamini kwanza, ndipo amzungushe. Akiondoa kombe, ngoma na wimbo vyote, kilichobaki ni hadithi mpya tu, hata ikiwa nzuri.

Na chombo cha kumzungushia kipo: kumbe. Tazama:

"Likamtia ngomani, likaifunga kwa ngozi, likaenda mji wa kwanza, likapiga. Kumbe msichana mwenyewe ndiye aliyemwomba amfiche, maana kwao alikuwa anaozwa kwa nguvu."

Zile -ka- nne zinambeba msomaji katika njia aliyoizoea, kumbe inazikata. Angalia pia yaliyomkuta zimwi. Kabla ya kumbe alikuwa li-, baada yake amekuwa -mw- katika "aliyemwomba" na a- katika "amfiche". Ningeandika "aliyeliomba limfiche", sarufi isingelalamika, lakini zimwi lingebaki zimwi.

Basi mwambie aweke mpaka mmoja: li- hadi siri inapofichuka, a- kuanzia hapo, wala asirudi nyuma. Vyote vihame pamoja, sifa (zimwi kubwa, kisha zimwi mkubwa), vionyeshi (zimwi hili, kisha zimwi huyu) na hasa kiambishi cha mtendwa (-li-, kisha -m-), ambacho wanafunzi hukisahau. Kumbe nayo iwe moja. Nimesoma insha zenye kumbe kila aya. Ya tatu ikifika hushtuki tena.

Akitaka kukwepa mzigo huu wote, zimwi lisimulie lenyewe: "Mimi zimwi nilikuwa nimelala." Ni- haibagui ngeli. Ila hapo mgeuko unapotea, maana msomaji anajua tangu sentensi ya kwanza aelemee upande gani. Mimi nisingeichagua njia hiyo.

Kuhusu "Paukwa", aanze nayo, au na "Hadithi hadithi" kama ndiyo mnayoitumia huko kwenu. Anayeitikia "Pakawa" amekwisha kubali kwamba anakuja kusikia ngano ya kale, na mgeuzaji anamtaka akiwa katika hali hiyohiyo. Wanaonikera ni wale wanaoandika "Hapo zamani za kale", halafu simu ya zimwi inaita katika mstari wa pili. Kichekesho kimekwisha kabla hadithi haijaanza.