Mshipi kukatika fundoni: itazame ncha kabla ya kununua uzi mzito

Ndugu, umeeleza kwamba umepoteza samaki watatu aina ya kolekole ndani ya wiki moja, kwamba mshipi wako ni nailoni mpya ya kilo 40, yaani inayohimili uzito huo kabla ya kukatika, na kwamba mara zote tatu umekatika pale pale kwenye ndoana. Umesema pia kwamba ndoana unaifunga kwa kuizungusha ncha mara sita au saba juu ya uzi na kisha kuirudisha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kama ulivyoona kwenye video, na sasa unauliza kama ununue uzi wa kilo 60. Nimevua kwa mshipi upande huu wa Tanga, kwenye mkondo wa Pemba, kwa zaidi ya miaka 20, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba fedha yako ikae mfukoni. Fundo linaloharibu uzi wa kilo 40 litauharibu na ule wa kilo 60, tena huo wa pili ni mgumu zaidi kufungika.

Mshipi ukirudi mtupu, wengi wetu huguna, hufunga ndoana nyingine haraka na kuteremsha tena chambo. Ile ncha iliyorudi ndiyo yenye habari yote, na kuisoma hakuhitaji zaidi ya jicho na ukucha. Ikiwa imejikunja kama mkia wa kinyonga, ujue kwamba uzi haukukatika hata kidogo, bali fundo liliteleza na kufunguka, na ule mkunjo ni alama ya mizunguko uliyoifunga mwenyewe. Ikiwa imekatwa safi kama kwa wembe, hayo ni meno, na mara nyingi ni nguru au mzia. Ikiwa imekwaruzwa na kufanya manyoya kwa urefu wa shubiri moja au mbili, mshipi ulisuguana na mwamba au matumbawe. Iliyobaki ni ncha fupi, bapa kidogo, yenye weupe kama wa ute wa yai lililochemshwa, na hiyo ndiyo ninayodhani ungeiona kama ungetazama, kwa kuwa kolekole hana meno ya kukata nailoni nene kwa pigo moja.

Mimi niliionyeshwa ncha ya namna hiyo nikiwa na miaka 17. Tulikuwa watatu kwenye ngalawa usiku wa maji mafu, na nilikuwa nimempandisha samaki hadi tukauona mng'ao wake chini ya mwanga wa karabai, kisha mkono wangu ukawa mwepesi ghafla. Mjomba wangu hakusema neno juu ya samaki. Aliuvuta mshipi, akaishika ncha karibu na taa, akaipitisha polepole juu ya mdomo wake wa chini, kisha akanirudishia na kusema, “Hili fundo umelipika, mpwangu.” Nilidhani ananitania. Alichukua ndoana nyingine, akalifunga fundo lile lile nililolifunga mimi, lakini kabla ya kulikaza alilitia mdomoni, akalilowesha kwa mate, kisha akalivuta taratibu mpaka mizunguko ikalala mmoja baada ya mwingine kama kamba iliyopangwa vizuri sitahani. Nami nililikumbuka langu, nililolikaza likiwa kavu, kwa mvuto mmoja wa ghafla.

Neno lile la kupika ni sahihi kuliko linavyosikika. Nailoni kavu inapojisugua yenyewe ikiwa imebanwa, joto la msuguano hukusanyika kwenye eneo dogo sana, na ngozi ya uzi huharibika hapo hapo hata kama uzi wote unaonekana mzima. Nailoni huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, lakini haihitaji kufika huko ili idhoofike. Nyuzi za kusukwa za siku hizi, zile laini za rangi zinazouzwa ghali, zimetengenezwa kwa aina ya plastiki inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, kwa hiyo kuzikaza kavu ni kosa kubwa zaidi. Mate au maji ya bahari yanatosha. Wako wanaotumia mafuta, nami siwaungi mkono, kwa sababu mafuta hubaki ndani ya fundo na kulirahisishia kuteleza.

Baadaye nilitaka kuona tofauti hiyo kwa namba. Nilichukua ndoana, nikaipachika kwenye msumari uliopigiliwa kwenye mti wa mwembe, nikaufunga upande wa pili wa uzi kwenye mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, nikavuta polepole huku mwanangu akisoma. Fundo la kawaida kabisa, lile la kufungia mfuko, lilikatika karibu na nusu ya uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Fundo zuri lililoloweshwa lilikaribia uzito wote, na fundo hilo hilo likikazwa kavu lilikuwa halitabiriki: mara lilishika, mara lilikatika mapema mno. Hilo la kutotabirika ndilo lililonitia hofu zaidi, kwani fundo lililo baya kila mara utaliacha, lakini fundo linaloshika mara mbili na kukuacha mara ya tatu utaendelea kuliamini.

Sasa nije kwenye fundo lako. Hilo la video si baya, na kwa uzi mwembamba wa tasi na changu wadogo ni zuri kabisa kwa mizunguko mitano. Tatizo ni kwamba uzi ukipita kilo 15 hivi, mizunguko hiyo haikubali kufungana kwa nguvu za mikono. Unavuta, unaona limekaza, kumbe ndani bado kuna nafasi, na kazi ya kulikaza inakuja kumalizwa na kolekole mwenyewe, tena kwa mshtuko mmoja. Hapo ndipo fundo linapopikwa, ukiwa huna habari.

Kwa nailoni nene mimi hutumia fundo ambalo wavuvi wa nje huliita yuni. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana kwa urefu wa shubiri moja na uirudishe nyuma ilale sambamba na uzi mkuu. Kisha ikunje irudi tena kuelekea ndoana, ili pawe na kitanzi kikubwa kilicholala juu ya nyuzi mbili. Yashike makutano kwa kidole gumba, halafu ipitishe ncha ndani ya kitanzi huku ukiizungushia zile nyuzi mbili kwa pamoja: mara tano kwa uzi wa kawaida, mara tatu au nne kwa uzi mnene kama wako. Lowesha. Vuta ncha kwanza, taratibu, mpaka mizunguko ijikusanye lakini isibane sana. Ndipo uvute uzi mkuu, na utaliona fundo likiteremka lenyewe mpaka likae kwenye tundu. Malizia kwa kuvuta ncha tena, kwa koleo ukihitaji. Ikiwa mzunguko mmoja umepanda juu ya mwenzake, usijidanganye kwamba samaki atauweka sawa. Kata na ufunge upya. Ncha iache kama milimita tatu. Wapo wanaoichoma kwa kiberiti ili itengeneze kichwa, lakini moto ule uko karibu mno na fundo ulilolihangaikia, na fundo lililokaa vizuri halihitaji kichwa.

Uzuri wa yuni ni kwamba ukijifunza hilo moja umejifunza na kuunga nyuzi. Unalaza nyuzi mbili zikitazamana, unafunga yuni kila upande juu ya uzi wa mwenzake, kisha unavuta nyuzi kuu na mafundo mawili yanakutana katikati. Uzi wa kusukwa ukiungwa na nailoni upewe mizunguko minane au zaidi kwa upande wake, kwa kuwa unateleza. Uzi huo wa kusukwa unapofungwa moja kwa moja kwenye ndoana hupendelea zaidi fundo liitwalo Palomar, ambalo ni uzi uliokunjwa mara mbili, ukapitishwa tunduni, ukafungwa fundo la kawaida, kisha ndoana nzima ikapitishwa ndani ya kitanzi.

Ndoana bapa zisizo na tundu, ambazo wazee wetu walizipenda na bado zinapatikana madukani, zina ufungaji wao: unaulaza uzi kwenye mti wa ndoana, unatengeneza kitanzi, na unazungusha mara saba au nane kuelekea kwenye pindo. Jambo moja tu ndilo husahauliwa. Uzi utoke upande wa mbele wa ule ubapa, yaani upande inakotazama ncha kali ya ndoana. Ukitokea nyuma, ndoana hukaa vibaya ikivutwa, na makali ya ubapa huusugua uzi siku nzima.

Kuhusu nguru, ambaye hukumtaja lakini utamkuta huko huko unakovua msimu wake ukifika, fundo la nailoni halitakusaidia. Utahitaji waya, na waya mmoja mgumu haufungwi, bali hupitishwa tunduni na pande zake mbili husokotwa pamoja. Kosa la wengi ni kuuzungusha upande mmoja juu ya mwingine ulionyooka, kama mzabibu juu ya mti, na usokotaji wa namna hiyo huteleza. Pande zote mbili zipishane kwa pembe iliyo sawa na zijipinde pamoja mara nne au tano, ndipo ncha izungushwe kwa duara zilizobanana mara nyingine nne. Halafu usiikate kwa koleo. Ikunje ncha iwe kama mpini wa kuwashia injini, uizungushe huku na huku mpaka ivunjike yenyewe, kwani koleo huacha kijino chenye makali. Kovu lililo katikati ya kiganja changu cha kushoto nililipata kwa kijino cha milimita moja, siku nguru alipoamua kuzama tena wakati nimekwisha kuushika waya.

Chubwi nalo, ile risasi ya kuzamishia ndoana, lifungwe kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe, na hata ukilifunga kwa fundo duni si neno. Likinasa kwenye mwamba, hapo ndipo unapotaka pakatike, upoteze risasi peke yake na ndoana zirudi.

Kwa sasa, kata mita mbili za mwisho za mshipi wako, maana zimekwisha kuvutwa na samaki watatu. Funga yuni ya mizunguko minne, ipachike ndoana kwenye kamba ya nanga na uuvute mshipi kwa nguvu zako zote, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, kabla ya kutia chambo. Baada ya kila samaki mkubwa, pitisha ukucha kwenye mita ya mwisho, na ukisikia mkwaruzo wowote kata ufunge upya hata kama samaki wanakula. Na ukipoteza wa nne, ncha hiyo usiitupe baharini: izungushie kwenye kifungo cha shati, uirudishe pwani, utueleze hapa kama imejikunja, imekatwa, imekwaruzwa au imeiva.