Lua au Python ndani ya kihariri matini?
Kati ya lugha hizo mbili za programu, pachika Lua kwenye kihariri chako ili kiendeshe skripti, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo. Ilizaliwa Brazili mwaka 1993 ikikusudiwa kukaa ndani ya programu nyingine; imeandikwa kwa lugha ya C, ni ndogo, na kihariri cha Neovim kinaitegemea.

Ila kuipachika ndiyo sehemu nyepesi. Kazi hasa ni kulinda maandishi ya mtumiaji. Kila skripti iite kupitia lua_pcall, kitendakazi cha Lua kinachonasa makosa, ili kosa lake lisiangushe kihariri kizima. Kisha tumia lua_sethook kuhesabu maagizo ambayo skripti inatekeleza na kuikatisha ikizidi kiwango, maana kitanzi kisicho na mwisho kitagandisha skrini wakati mtu hajahifadhi kazi yake, na hilo halisameheki. Maktaba za os na io, zinazogusa mfumo endeshi na mafaili, usizifungulie skripti usizoziamini.