Najua ni picha tu, sasa VR itanisaidia vipi?

SWALI: Naishi Likoni, Mombasa, kazi yangu iko ng'ambo, town. Nikifika kwa feri moyo unaenda mbio, jasho, vidole vinakufa ganzi, naona nakufa. Siku hizi nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu nisipande feri, na nauli inanimaliza. Nimeskia kuna matibabu ya kuvaa miwani ya VR, ile ya kompyuta inakuonyesha picha kama uko ndani yake, lakini si nitakuwa najua ni picha tu?

JIBU: Dadangu, kujua na kuogopa hazipiti njia moja. Kwa ubongo kuna kipande kidogo kinaitwa amigdala, hicho kikihisi hatari hakingoji akili imalize kufikiria, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, unaanza kupumua harakaharaka mpaka kaboni dioksidi inapungua kwa damu na ndo hapo vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Ndo maana mtu amevaa miwani, amesimama kwa zulia la ofisi, na bado magoti yanamtetemeka akionyeshwa yuko juu ya ghorofa. Yeye anajua ni picha, magoti hayajaambiwa.

Na si kitu cha jana. Mwaka 1995 huko Marekani, Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha utafiti wa watu wanaoogopa kwenda juu, wakawapandisha lifti ya kioo na madaraja ya kompyuta, na uoga ukapungua.

Lakini miwani haitibu kwa kukutuliza, watu wengi hapo ndo wanakosea. Unaingia, unataja uoga wako uko ngapi kutoka 0 mpaka 100, unasema unadhani nini kitatokea ("nitazimia"), halafu unabaki palepale mpaka uone hakijatokea. Uoga wa zamani haufutiki, ubongo unajifunza kitu kipya cha kushindana nao. Ukifumba macho ama ukimeza dawa ya kutuliza kwanza, utatoka ukiamini hiyo dawa ndo imekuokoa. Dongo Kundu nayo ni vilevile, kila ukizunguka unapata afueni, na hiyo afueni ndo inalisha uoga.

Kusema ukweli, wewe singekutafutia miwani. VR inafaa pale kitu chenyewe ni ghali kukirudiarudia, kama ndege, kuruka na kutua mara kadhaa kwa kikao kimoja. Feri iko hapo na mwenda kwa miguu halipi! Tafuta mwanasaikolojia anayefanya CBT, yaani tiba ya kubadilisha mawazo na tabia, mpange naye: kwanza simama tu uangalie watu wakipanda, siku nyingine vuka naye saa nne hivi watu wakiwa wachache, halafu peke yako, ile asubuhi ya msukumano iwe mwisho kabisa. Na usishuke ukakimbia, geuka urudi nayo tena.

Ila kabla ya yote muone daktari akupime moyo, damu na thairoidi (ile tezi ya shingoni), manake hizo nazo zinakimbiza moyo. Na kahawa chungu ipunguze kwa sasa, kafeini itakupiga mapigo ya bure halafu useme ni feri.