Nani atamwona Nut?

Mwanangu mpenzi, assalaam alaykum.

Swali lako nimekaa nalo siku tatu. Umenitumia picha ya jeneza la Soter, yule kiongozi wa mji wa Thebes, Misri, wa zama za Warumi, lililoko British Museum, ukauliza: huyu mwanamke kachorwa upande wa ndani wa kifuniko, kikishafungwa, nani atamwona?

Marehemu mwenyewe. Walimchorea yeye, wala hawakutuchorea sisi.

Yule ni Nut, mbingu yenyewe. Wamisri waliamini kwamba kila magharibi yeye hulimeza jua, likapita mwilini mwake usiku kucha, na alfajiri akalizaa upya. Ni yeye pia aliyemzaa Osiris, na maiti aliyezikwa kwa taratibu zao aliitwa Osiris. Basi kumfunika mtu kwa kifuniko kile ni kumrudisha tumboni kwa mama yake, azaliwe tena. Zile buruji kumi na mbili zinazomzunguka ziliingia Misri kwa Wagiriki, lakini Nut ni wa kale mno. Zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Soter, Farao Merneptah alichongewa Nut huyuhuyu chini ya kifuniko cha jeneza lake la jiwe. Baadaye jeneza lile lilichukuliwa, akazikwa humo mfalme mwingine, Psusennes I, katika mji wa Tanis. Mwenye jeneza akabadilika. Nut akabaki palepale, uso kwa uso na mfalme mpya.

Majeneza ya mbao ya Ufalme wa Kati, enzi ya mafarao iliyotangulia ya Merneptah, utayaona yamechorwa macho mawili ubavuni kwa nje. Maiti alilazwa kwa ubavu wa kushoto, uso ukiwa nyuma ya macho yale, apate kuliona jua likichomoza.

Kinachonigusa kuliko vyote ni mbawakawa wa jiwe aliyewekwa kifuani. Tumboni mwake yamechongwa maneno ya kuusihi moyo: moyo wangu niliopewa na mama yangu, usisimame kunishuhudia vibaya mbele ya mizani. Maana waliamini kuwa moyo wa marehemu ulipimwa mizanini dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli, na kando alingoja Ammit, dude lenye kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko, aumeze ukishindwa.

Niliposoma hayo nilikumbuka talkini aliyosomewa babu yako kaburini, akikumbushwa majibu kabla ya kuulizwa. Imani yao na yetu ziko mbali, sizichanganyi. Lakini ile hofu ya kumwacha mtu wako aende peke yake naijua. Siku ile nilikuwa wa mwisho kuondoka makaburini.

Ukienda tena, nipigie picha ya uso wa Nut peke yake, karibu kabisa. Nataka kuona alichowekewa Soter akitazame.

Baba yako