Usisubiri barua ya jiji: niliyojifunza nyumba yetu ilipotwaliwa Michigan

Barua ya jiji ilinikuta nimekwisha kujiandaa kwa vita visivyokuwa vyangu. Majirani walikuwa wamevumisha kwamba nyumba za mtaa wetu zingevunjwa ili mwekezaji ajenge maduka, nami nikakesha usiku kadhaa nikisoma kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, jimboni Connecticut. Katika kesi hiyo, tarehe 23 Juni 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mji unaweza kutwaa nyumba za watu kwa ajili ya mpango wa maendeleo ya kiuchumi, kwa kuwa maendeleo hayo yanahesabiwa kuwa manufaa ya umma. (Nyumba ziliondolewa, na ardhi ile ikakaa wazi kwa miaka mingi, jambo hilo linaniudhi hadi leo ingawa halinihusu.) Wakili niliyemwendea alinisikiliza kwa subira hadi nilipomaliza, kisha akaniambia kwamba jiji halikuhitaji ardhi yetu kwa maduka, bali kwa kupanua barabara na njia panda, na kwa hiyo kesi ya Kelo haikuwa na msaada wowote kwangu.

Nalieleza kosa langu kwa sababu nimewaona wengine wakilirudia. Mageuzi ya sheria za utwaaji ardhi yaliyofuata hukumu ile katika majimbo zaidi ya 40 yalilenga hasa sababu za kutwaa. Michigan ilikuwa na kidonda chake cha zamani: mwaka 1981 mahakama ya juu ya jimbo iliruhusu Detroit kubomoa mtaa wa Poletown, uliokuwa na wakazi zaidi ya 4,000, ili kupisha kiwanda cha General Motors. Mahakama hiyohiyo ilijikosoa mwaka 2004 katika kesi ya Kaunti ya Wayne dhidi ya Hathcock, na mwaka 2006 wapiga kura wakaiandika katika katiba ya jimbo marufuku ya kutwaa mali ya mtu na kuikabidhi kwa mtu binafsi mwingine kwa ajili ya kukuza uchumi au kuongeza mapato ya kodi. Serikali inapodai kwamba mali imechakaa kiasi cha kuhatarisha umma, mzigo wa kuthibitisha hilo uko mabegani mwake, kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Ulinzi huo ni wa kweli, wala siudharau. Hata hivyo barabara, shule na mabomba ya maji ni matumizi ya umma tangu zamani, na hakuna mageuzi yaliyoyagusa.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue, ni kwamba swali la kama ardhi yako inahitajika kweli huamuliwa mapema kuliko unavyodhani. Kwa sheria ya Michigan, chombo cha umma kikishaamua kwamba ardhi fulani ni ya lazima kwa mradi, mahakama haiutengui uamuzi huo ila pakiwa na udanganyifu, kosa la kisheria au matumizi mabaya ya mamlaka. Maana yake ni kwamba mstari wa barabara huchorwa katika ukumbi wa baraza la jiji, mbele ya viti vitupu, na anayefika mahakamani akiwa na wazo zuri la kuusogeza amechelewa. Niliposoma kumbukumbu za vikao vya nyuma niligundua kwamba wakazi watatu wa upande wa pili wa barabara walikuwa wamehudhuria na kuzungumza wakati ramani ingali rasimu, na katika ramani iliyofuata mstari ulikuwa umesogea kuelekea kwetu. Siwalaumu. Sheria ya mikutano ya wazi ya mwaka 1976 inampa kila mtu haki ya kusema katika kikao cha namna hiyo, na wao waliitumia. Kwa hiyo, ukiona wapima ardhi wanapigilia vigingi mtaani kwako, usingoje kuambiwa: omba kwa maandishi ramani, taarifa za wahandisi na kumbukumbu za vikao, kwa kuwa nyaraka hizo ni za umma.

Baada ya hapo kilichobaki kwetu kilikuwa fidia, na hapo mageuzi ya 2006 yalitufaa sana, kwani nyumba inayotwaliwa ikiwa ndiyo makazi makuu ya mwenyewe, fidia haipaswi kupungua asilimia 125 ya thamani ya soko. Lakini asilimia hiyo hukokotolewa juu ya thamani ambayo mtu fulani ameikadiria. Mthamini wa jiji hakuingia chumba cha chini tulichokuwa tumekitengeneza na kuishi ndani yake. Tulikuwa na stakabadhi na picha, tukaajiri mthamini wetu, na makadirio yakapanda.

Kuhusu gharama za wakili, wengi hukata tamaa bila sababu. Fidia ya mwisho ikizidi ofa ya maandishi ya kwanza, sheria ya jimbo inamrudishia mwenye mali ada halali za wakili hadi theluthi moja ya ziada hiyo: tuseme ofa ilikuwa dola 140,000 na fidia ikafikia dola 170,000, basi zinaweza kurudishwa hadi dola 10,000. Ndiyo maana barua ya ofa itunzwe kama hati ya nyumba. Vilevile kupokea kiasi ambacho jiji limekitenga kwa ajili yako hakukuzuii kuendelea kudai zaidi, mradi hukutia saini makubaliano ya kumaliza shauri.

Jirani yangu, mama wa Kikongo tuliyekuwa tukiamkiana kwa Kiswahili kila asubuhi, alitia saini siku ileile aliyotembelewa na afisa, kwa sababu afisa alikuwa na adabu na karatasi zilikuwa na nembo ya serikali. Hakudanganywa neno hata moja. Hakuambiwa tu kwamba angeweza kusubiri. Wapangaji wake wawili walidhani hawana chochote cha kudai, hadi tulipowaeleza kwamba pale mradi unapotumia fedha za serikali kuu, sheria ya mwaka 1970 inawapa hata wapangaji msaada wa gharama za kuhama. Walijaza fomu mezani kwetu jikoni, masanduku yetu yakiwa yamekwisha kufungwa.