Ngozi husikia au huhisi?

SWALI: Katika makala ya afya niliandika, "Ngozi husikia nguvu ya kidole na kuigeuza kuwa umeme." Mhariri akakata "husikia" akaweka "huhisi", akakata "nguvu" akaweka "kani". Je, yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwenye "kani" simpingi. Katika fizikia, kinachosukuma au kuvuta ni kani, na ndiyo iliyozaa "kanieneo", yaani kani inayokandamiza eneo fulani. "Nguvu" ni pana mno. Kuna za umma na kuna za giza.

"Husikia" ningekurudishia. Sisi tunasikia baridi, njaa, maumivu, hata harufu, na mgonjwa huulizwa, "Unajisikiaje?" Sikio halina hatimiliki ya kitenzi hiki. Isitoshe, "kuhisi" hubeba pia maana ya kushuku, na ngozi haimshuku mtu.

Tena kwa mguso, ngozi na sikio ni ndugu. Ndani ya sikio, mtetemo ukipinda vinywele vya seli, vijiuzi vinavyounganisha ncha zake huvutika na kufungua milango midogo, potasiamu ikaingia. Kwenye ngozi mlango ni protini iitwayo Piezo2, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kubana. Maabara ya mwanasayansi Ardem Patapoutian ilimpata kwanza nduguye, Piezo1, kwa kudonoa seli kwa kisindano cha kioo huku watafiti wakizima jeni moja baada ya nyingine kutoka orodha ya 72, mpaka seli ikaacha kuitika. Matokeo yalitangazwa 2010. Nobeli ikaja 2021, Patapoutian akigawana na David Julius, aliyetumia ukali wa pilipili kutafuta mlango wa joto. (Kumbe sisi kusema pilipili "inawasha" hatukukosea sana.)

Ajabu ni kwamba kalamu ya mhariri imelipita kosa lenyewe: "kuigeuza". Ukisaga mahindi, yanageuka unga. Kani ya kidole haigeuki umeme. Inafungua mlango tu. Umeme huletwa na ayoni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) zilizokuwa nje ya seli zikisubiri, kama abiria wa kivuko cha Kigamboni asubuhi: geti likifunguliwa wanamiminika, lakini aliyelifungua hakugeuka abiria.

Mimi ningeandika: "Ngozi husikia kani ya kidole: kani hiyo hufungua milango midogo kwenye miisho ya neva, ayoni zikaingia, na ishara ya umeme ikaanza safari ya kwenda kwenye ubongo."