Bodaboda Katikati ya Foleni: Mwalimu wa Udereva Awajibu Wasomaji

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya leseni na ya matairi, kwa kuwa barua tatu zilizonifikia zinazungumzia jambo moja kutoka pande tatu: abiria wa bodaboda, mwenye gari na dereva wa bodaboda mwenyewe. Wote watatu wanatumia barabara zilezile za Dar es Salaam, na huenda wamewahi kusimama kwenye foleni moja bila kujuana.

Swali la kwanza

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbezi na nafanya kazi Kariakoo. Nikichelewa hupanda bodaboda, na tukifikia foleni dereva hupenya katikati ya magari mpaka magoti yangu yanakaribia kugusa milango. Ndugu yangu aliyeko Marekani anasema kwao California jambo hilo linaruhusiwa kisheria, na kwamba wataalamu wamethibitisha ni salama kuliko kusimama nyuma ya magari. Je, ni kweli? Na mimi abiria nifanyeje?*
*Msomaji, Mbezi*

Marahaba, dada yangu. Nduguyo amesema kweli, ila amekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu wewe.

Ni kweli kwamba sheria ya California, tangu Januari 1, 2017, inaitambua waziwazi desturi ya pikipiki kupita katikati ya mistari ya magari. Ni kweli pia kwamba Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa utafiti mwaka 2015 uliochunguza waendesha pikipiki 5,969 waliopata ajali, 997 kati yao wakiwa wanapenya wakati ajali ilipotokea. Kati ya waliokuwa wakipenya, asilimia 9 waliumia kichwa, ilhali kati ya wenzao walioumia kichwa ni asilimia 17. Waliofariki walikuwa asilimia 1.2 ya waliokuwa wakipenya na asilimia 3 ya wenzao. Waliokuwa wakipenya waligongwa kwa nyuma mara chache zaidi pia, na hilo halishangazi, kwa sababu mtu aliyesimama na pikipiki mwishoni mwa foleni hana bodi ya gari ya kumkinga dhidi ya anayekuja nyuma bila kuangalia.

Sasa sikiliza nusu ya pili. Utafiti huohuo unasema nafuu hiyo ilionekana pale magari yalipokuwa yakienda mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na pikipiki ikiyazidi kwa kilomita 24 kwa saa au chini ya hapo. Tofauti ilipopanda, na majeraha yalipanda. Aidha watu wote waliochunguzwa walikuwa tayari wamepata ajali, kwa hiyo takwimu hizo zinatueleza waliumia kiasi gani, wala hazituelezi kama kupenya kunapunguza au kunaongeza uwezekano wa kuanguka. Jambo la tatu, ambalo ningependa ulitie moyoni, ni kwamba waliokuwa wakipenya walikuwa wamevaa kofia ngumu zilizo bora kuliko za wenzao, wachache zaidi kati yao walikuwa wamekunywa pombe, na wachache zaidi walikuwa wamebeba abiria. Abiria ndiye wewe.

Zaidi ya hayo, barabara kuu za California zenye desturi hiyo hazina mtu wa miguu anayevuka, hazina kijana mwenye ndoo ya maji ya chupa anayetembea kati ya magari, wala hazina daladala inayoteremsha abiria katikati ya barabara kwa sababu taa zimewaka nyekundu. Wenye barabara zinazokaribia kufanana na zetu wameruhusu kwa masharti makali zaidi. Jimbo la New South Wales, Australia, liliruhusu kupenya kuanzia Julai 1, 2014, lakini kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, si kando ya ukingo wa barabara, si katika maeneo ya shule saa za wanafunzi, na si kwa mwenye leseni ya kujifunza.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva akae kushoto, apite gari jingine kwa upande wa kulia, na asiendeshe kwa uzembe wala kwa namna ya hatari. Pikipiki inayochomekea kushoto mwa daladala, inayovuka mstari mweupe usiokatika ili ikutane uso kwa uso na magari yanayokuja, au inayopita gari lililosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, haina utetezi mbele ya hakimu kwa kusema kulikuwa na foleni.

Nikuoneshe kwa hesabu kwa nini magoti yako yanakaribia milango. Chukua njia mbili za magari, kila moja ina upana wa mita 3.25. Gari dogo lina upana wa karibu mita 1.8, na basi karibu mita 2.5. Magari madogo mawili yakisimama sambamba, kila moja katikati ya njia yake, kati yao hubaki kama mita 1.45, kabla hujaondoa vioo vya pembeni. Gari dogo na basi huacha mita 1.1. Mabasi mawili, au basi na lori, huacha sentimita 75 tu, na usukani wa pikipiki ya kawaida ya biashara una upana wa sentimita 75 hadi 80. Kwa hiyo kati ya mabasi mawili pikipiki hupita tu ikiwa mojawapo limesogea pembeni, na likirudi katikati ya njia yake wakati ninyi mko kati, hakuna pa kwenda. Hili halihitaji ujuzi wa dereva wala miaka aliyokaa kijiweni. Ni suala la futikamba.

Kwa upande wako, kaa kwa kutanua miguu, usikae upande. Najua mavazi na staha, na sisemi hivi kwa kumdharau yeyote, lakini abiria aliyekaa upande huongeza upana wa pikipiki kwa urefu wa mapaja yake, na dereva aliyezoea kupima nafasi kwa usukani wake husahau kwamba nyuma kushoto kuna magoti ya mtu. Ikibidi, vaa suruali au taiti ndani, kisha lifunge dera au khanga kiunoni, maana ncha ya nguo ikishikwa na mnyororo inakuvuta chini. Mtoto usimweke mbele ya dereva wala katikati yenu. Mshikaki, yaani kubebana watatu au zaidi, hauna mahali salama. Dai kofia ngumu na uifunge kidevuni, kwa kuwa kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42 miongoni mwa wanaopata ajali ya pikipiki.

Na mweleze dereva kabla hujapanda, si mkiwa katikati ya mabasi. Sema: "Kaka, tukifika kwenye foleni twende taratibu, na kwenye malori tusubiri, nikichelewa ni juu yangu." Nimewasikia madereva wengi wakisema wanakimbia kwa sababu wanaamini abiria ndivyo anavyotaka, na abiria amenyamaza kwa sababu anaamini dereva ndivyo anavyojua. Ukimya huo unawaumiza wote wawili.

Swali la pili

*Mwalimu, habari za kazi. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya Mwenge, bodaboda akapita akaondoka na kioo changu cha pembeni, na hakusimama. Nani mwenye kosa, na nifanye nini siku nyingine?*
*Mwenye gari, Kinondoni*

Salama, ndugu yangu, na pole. Kama ulikuwa umesimama ndani ya njia yako, kosa ni lake. Kama ulikuwa umeanza kuhamia njia nyingine bila kuwasha indiketa na bila kutazama kioo, mzigo unaweza kuhamia kwako. Andika namba ya pikipiki papo hapo, omba namba ya simu ya dereva wa jirani aliyeona, na utoe taarifa polisi, kwa kuwa hata mwenye bima kubwa ataombwa taarifa hiyo. Usimfukuze. Kioo kinanunuliwa, na umati unaokusanyika pale dereva wa gari na wa bodaboda wanapokabana hauna breki.

Lakini niruhusu niongeze la upande wetu sisi wenye magari, kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa kabla daraja la juu la Ubungo halijafunguliwa, nilikuwa nimekwama pale kwa muda mrefu, nikafungua mlango nikachungulie tairi la nyuma. Kijana mmoja alikuwa anakuja na trei za mayai nyuma ya pikipiki, taratibu kabisa, hakuwa na papara yoyote. Ukingo wa mlango wangu ulimpata begani. Nakumbuka ute wa mayai ukitiririka juu ya lami yenye joto, na yeye ameketi chini akiushika mtulinga uliovunjika, akiniuliza mayai yamepona mangapi. Nilimpeleka hospitali, nikalipa matibabu na mayai, na miezi aliyokaa bila kazi sikuweza kuilipa yote. Nilikuwa nafundisha udereva wakati huo, na katika somo langu sikuwahi kutaja mlango.

Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu hujifunza kufungua mlango wa dereva kwa mkono wa kushoto. Magari yetu yana usukani kulia, hivyo mkono wa kushoto ukivuka kifua kwenda kwenye kitasa, kiwiliwili chote hugeuka na macho huangukia kwenye kioo na nyuma yake. Abiria wa nyuma nao waelezwe, hasa watoto. Na unapompisha mwenzako atoke barabara ya pembeni akatize foleni, kitendo ambacho ni cha wema, tazama vioo vyote viwili kabla hujampungia mkono. Bodaboda anayekuja kando ya foleni haoni gari hilo mpaka pua yake itokeze mbele ya bampa lako, na dereva uliyempisha anakuamini wewe.

Swali la tatu

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Temeke. Nikisimama nyuma ya lori Barabara ya Mandela abiria huniambia nipenye, anawahi. Nisipopenya atapanda ya mwingine kesho. Wewe unayefundisha darasani ungefanyaje?*
*Dereva, Temeke*

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki, kwa sababu ni riziki yako inayozungumzwa. Sitakuambia usipenye kamwe, maana mtu anayenunua safari ya bodaboda ananunua hasa kutokusimama kwenye foleni, na nikikukataza utanipuuza hata kwa yale yanayookoa maisha.

Tupige hesabu pamoja. Foleni ina kilomita 2 na magari yanachukua nusu saa kuimaliza. Ukipenya kwa kilomita 15 kwa saa unaimaliza kwa dakika 8. Ukipenya kwa kilomita 40 unaimaliza kwa dakika 3. Mwendo wa taratibu umeshamwokolea abiria wako dakika 22. Mbio zinaongeza dakika 5 tu. Sasa tazama unalipa nini kwa dakika hizo 5. Kwa kilomita 15 kwa saa unakwenda mita 4 kila sekunde, karibu urefu wa gari dogo moja. Kwa kilomita 40 unakwenda mita 11, yaani magari mawili na zaidi. Mlango unafunguka kwa sekunde moja, na muuza korosho anatokeza kati ya bampa mbili kwa muda mfupi kuliko huo. Katika sekunde ile ya kwanza mkono wako haujagusa breki. Bado unatambua ulichokiona. Mwambie abiria hesabu hiyo kwa maneno yako, na wengi watakuelewa, hasa wale wa kila siku.

Foleni ikianza kutembea, acha kupenya, ingia kwenye mstari na ukae kama gari. Hapo ndipo madereva wanapobadilisha njia, kila mmoja akidhani mstari wa mwenzake unakwenda haraka zaidi. Usijaribiwe pia na njia ya mabasi ya mwendokasi kwa kuwa iko tupu: basi lile refu lina mita 18, na watu wanaovuka kwenda vituoni wanatazama kama basi linakuja, hawaitazamii pikipiki.

Kuhusu malori ya Mandela yanayokwenda na kutoka bandarini, hapo ninakukataza. Dereva wa lori ameketi juu, na pikipiki iliyosimama mita moja au mbili mbele ya pua ya gari lake haionekani kabisa kutoka kwenye kiti chake. Hivyo ukipenya mpaka mbele na kutulia pale ukisubiri taa, yeye anaona barabara tupu, na taa ikiwa ya kijani ataondoa mguu kwenye breki. Ubavuni ni vivyo hivyo: kama huoni uso wake kwenye kioo chake, na yeye hakuoni. Abiria akikuhimiza, mwoneshe kioo kile na umwambie amtafute dereva ndani yake.

Na pale Tazara, trela linapokata kona ya kushoto, kichwa hutanuka kwanza kwenda kulia ili kupata nafasi, na wewe unaona uwazi mpana umefunguka kushoto, unaotosha hata bajaji mbili. Usiuingie. Matairi ya nyuma hayafuati alama za matairi ya mbele, hukata kona kwa ndani, na uwazi ule wote ndiko yanakopita.